Macho ya Jumatatu

Ndugu waombolezaji, kabla hatujafika kwenye tarehe, tunawaomba mpige picha ya chumba kimoja vichwani mwenu. Ni chumba kidogo, dirisha lake limezibwa kwa pazia zito jeusi, kina viti viwili vinavyotazamana, na katikati ipo mashine nyeupe yenye kibao cha kuwekea kidevu, kibao ambacho hufutwa kwa pamba yenye spiriti kila mtu anapoinuka. Ni Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi, wagonjwa bado wako nje kwenye mabenchi, na mwanamke mwenye koti jeupe anakaa, si kwenye kiti chake cha kazi, bali kwenye kiti cha mgonjwa, anaweka kidevu chake mwenyewe, anatazama nukta ya kijani iliyo ndani, na muuguzi aliye upande wa pili anabonyeza kitufe. Mwanamke huyo ndiye tuliyekuja kumzika leo, na sehemu kubwa ya maisha yake iliandikwa pale, Jumatatu baada ya Jumatatu, na hakuna aliyeisoma.

Marehemu alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 1979, akiwa mtoto wa tatu kati ya wanne, baba yake alikuwa karani wa stoo katika kiwanda cha mikate na mama yake mshonaji wa sare za shule, nao waliishi katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda hichohicho. Mama yake husema kwamba alizaliwa alfajiri, wakati tanuri la kwanza linafunguliwa, hewa ya kwanza aliyoivuta ilikuwa ya mkate wa moto, na ndiyo sababu hakuupenda mkate maisha yake yote, kwa kuwa alishiba siku ya kwanza.

Alianza darasa la kwanza Januari 1986, akiwa tayari anajua kusoma, kwa sababu dada yake mkubwa, ambaye wakati huo alikuwa akisomea ualimu, alihitaji mtu wa kumfundisha ili apate mazoezi, na mtoto wa kukaa kimya sakafuni kwa saa nzima alikuwa yeye peke yake pale nyumbani. Shuleni hakuwa wa kwanza wala wa mwisho, ila alikuwa mtazamaji. Alipokuwa darasa la tatu alisogea karibu sana na mwalimu mkuu, akamwambia kwa sauti ya siri kwamba kuna mtu mdogo amesimama ndani ya jicho lake, na mwalimu mkuu, mtu ambaye wanafunzi walikuwa wakikimbia wakisikia viatu vyake, alicheka mpaka akatoa kitambaa, akamweleza kwamba mtu huyo mdogo ni yeye mwenyewe. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1992, sekondari mwaka 1998, kisha akajiunga na chuo cha afya kusomea upimaji wa macho, akakabidhiwa cheti chake tarehe 30 Novemba 2001, na siku hiyo baba yake, ambaye sasa naye ni marehemu, alivaa miwani bila kuihitaji ili picha ipendeze.

Februari 2002 aliajiriwa katika duka la miwani, akikata na kusaga lenzi kwenye chumba cha nyuma, na mwaka 2004 ndipo alipoingia dukani fundi mmoja wa friji, akitaka kupimwa. Marehemu alimpima, akamwambia macho yake ni mazima kabisa, aende zake. Fundi akarudi wiki iliyofuata akisema anaona ukungu, akapimwa tena, akaambiwa hana ukungu wowote, akarudi mara ya tatu akisema kichwa kinamuuma akisoma, na marehemu alipolieleza jambo hilo nyumbani, mama yake aliendelea kushona bila kuinua uso, akasema kwamba mteja wa kuja mara tatu bila kununua, huyo hapimwi macho, anapimwa nia. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 17 Desemba 2005, na Mungu akawajalia watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 9 Septemba 2007, na wa kiume aliyezaliwa tarehe 22 Aprili 2010, wote wako hapa mbele yenu.

Jumatatu, tarehe 2 Juni 2008, alianza kazi katika kliniki ya macho, na siku hiyohiyo ndipo ilipofunguliwa ile mashine nyeupe kutoka kwenye maboksi yake. Kwa wasioijua, tuieleze kama anavyoelezwa mtoto. Nyuma ya jicho kuna utando mwembamba wenye tabaka nyingi, mfano wa kitunguu, na tabaka lake moja limefumwa kwa nyuzi za mishipa ya fahamu, ambazo hukusanyika mahali pamoja, zikatoka kwa kamba moja kwenda kwenye ubongo. Pale zinapokusanyika, unene wake haupiti sana unene wa unywele mmoja wa kichwani. Mashine hulipima tabaka hilo kwa mwanga, haigusi, haiumi, kisha hutoa namba, na pembeni ya namba hupaka rangi, kijani kwa aliye sawa na wenzake wa rika lake, manjano kwa wa kuangaliwa, nyekundu kwa aliyepungukiwa. Marehemu alikuwa akiwaambia wanafunzi wa mazoezi kwamba jicho ni mahali ambapo ubongo umechungulia nje, basi wachungulie kwa adabu.

Wagonjwa hawakulijua jina lake, walimwita Mama Kidevu, kwa sababu kutwa nzima alikuwa akisema weka kidevu, sogeza paji la uso, tazama nukta, na mtoto wake wa kiume alipokuwa mdogo aliwahi kumwambia mgeni kwamba kazi ya mama ni kushika watu videvu.

Sasa kulikuwa na utaratibu pale kliniki, utaratibu mzuri, wala hatuulaumu. Kila Jumatatu, kabla mgonjwa wa kwanza hajaingia, mashine ilijaribiwa kwa macho ya mfanyakazi, ili ijulikane kama imeamka salama baada ya mapumziko ya mwisho wa wiki, na kwa kuwa marehemu ndiye aliyekuwa na funguo za chumba, macho yakawa yake. Siku ile ya kwanza alifungua faili la kuwekea picha hizo, akaliita Jaribio, na mashine ilipokataa kuendelea bila tarehe ya kuzaliwa, aliandika tarehe 1 Januari 1900, kwa haraka tu, kama mtu anavyoandika lolote ili mlango ufunguke. Kosa hilo dogo lilikuwa lake mwenyewe, na alikuwa wa kwanza kulisema. Mashine ilipotafuta watu wa rika la Jaribio ili imlinganishe nao, haikuwa na mtu wa zaidi ya miaka mia moja, basi haikupaka kijani, wala manjano, wala nyekundu, ilipaka kijivu, na kijivu hakimshtui mtu. Daktari wa macho, mkuu wa kliniki, alikuwa akipita mlangoni na kikombe chake cha chai, anauliza kama mashine ni nzima, marehemu anajibu ni nzima, na siku ya kazi inaanza.

Machi 2012 jicho lake la kulia liliuma kwa siku kumi, hasa alipolizungusha, na rangi nyekundu akaiona kama imefuliwa mara nyingi. Alijitilia matone, akasema ni uchovu wa kukaa gizani, na kwa Jumatatu tatu mfululizo alimwambia muuguzi apige la kushoto tu, la kulia limelala. Lilipona, au lilionekana limepona, naye akalirudisha kwenye kibao. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi, na sisi tuliokuwa tukimwona kila siku akichunguza macho ya watu hatukuwahi kujiuliza nani anayachunguza ya kwake.

Mwaka 2014 miguu ilianza kufa ganzi, ikawa inakuja na kuondoka, mwaka 2015 vitu vikaanza kumponyoka mikononi. Alikwenda kwa matabibu, mmoja akasema mgongo, mwingine akasema presha, wa tatu akampa vitamini na kumshauri apunguze mawazo. Nyumbani kila mtu alikuwa na dawa yake, apumzike, afanye mazoezi, ale vizuri, asijilegeze.

Jumapili, tarehe 28 Agosti 2016, dada yake mkubwa alifanya sherehe ya binti yake kuhitimu, na marehemu aliamka mapema kwenda kusaidia, kama ilivyokuwa desturi yake. Alikuwa anavuka sebule amebeba sinia lenye bilauri kumi na mbili, mguu ukamkatalia, akaanguka mbele ya wageni na bilauri zote zikavunjika. Dada yake, ambaye amefundisha darasa la kwanza kwa miaka thelathini na miwili, ambaye hajawahi kumcheka mtoto aliyeanguka, alimwambia mbele ya wote:

"Mdogo wangu, hata mlevi hushika ukuta."

Watu wakacheka, marehemu naye akacheka, akapiga magoti kuokota vipande, akasema, "Miguu imelala, dada," ila dada alikuwa amekwisha kugeuka kuwapokea wageni wengine mlangoni. Tumeandika siku hiyo hapa kwa sababu historia ya mtu ikisomwa nusu ni uongo, na kwa sababu tangu siku hiyo marehemu hakuleta tena habari ya miguu yake kwa mtu yeyote wa familia, akawa akiulizwa hali anasema nzuri tu.

Mapema mwaka 2019 kliniki ilipata mashine mpya, na fundi aliyekuja kuifunga alitumia siku mbili kuhamisha picha za zamani. Mashine hii mpya ilikuwa na tabia ambayo ile ya kwanza haikuwa nayo, ukifungua faili la mgonjwa aliyepigwa picha mara nyingi, inazipanga zote kwa tarehe na kuchora mstari. Jumatatu, tarehe 11 Februari 2019, yule fundi, mgeni asiyemjua mtu pale, alitoka chumbani akakuta daktari wa macho, muuguzi na marehemu wamesimama mapokezi, akawauliza kwa upole wa mtu anayeogopa kuingilia ya wenyeji:

"Samahani, huyu mgonjwa wenu Jaribio, mbona hamumtibu?"

Walicheka. Muuguzi alimweleza kwamba Jaribio si mgonjwa, ni mashine tu inapimwa, na fundi akajibu kwamba yeye si daktari, lakini mtu huyo amepigwa picha mara mia nne tisini na moja, na mstari wake unashuka kama ngazi. Marehemu hakuwa akicheka tena. Aliingia chumbani, akakaa kwenye kiti chake cha kazi, akatazama. Mwaka 2008 tabaka lile la nyuzi lilikuwa na mikroni tisini na nane katika kila jicho, na mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Mwaka 2012 la kulia lilikuwa limeporomoka ghafla ndani ya miezi michache, halafu yote mawili yakaendelea kupungua, kidogo mwaka huu, kidogo mwaka ujao, kulia likafika sitini na nne, kushoto sabini na moja. Uzee hupunguza nyuzi hizo, lakini uzee hauna haraka namna hiyo.

Alichofanya baada ya hapo muuguzi ametusimulia mara nyingi. Alifuta neno Jaribio, akaandika jina lake kamili, akafuta tarehe ile ya mwaka 1900, akaandika 14 Machi 1979, akabonyeza, na kijivu chote kikageuka, karibu mzunguko mzima wa macho yote mawili ukawa mwekundu. Daktari wa macho, ambaye alikuwa amesimama nyuma yake na kile kikombe mkononi, alikaa kwenye kiti cha mgonjwa, akasema amepita mlango ule kila wiki kwa zaidi ya miaka kumi akiuliza hali ya mashine. Marehemu alimwambia asijilaumu peke yake, faili ni yeye aliyelifungua.

Picha za macho peke yake haziutaji ugonjwa, zinaonyesha tu kwamba nyuzi zinakufa, kwa hiyo alipelekwa kwa daktari wa mishipa ya fahamu, akapigwa picha za ubongo na uti wa mgongo kwa mashine ya sumaku, akatolewa maji ya uti wa mgongo, na Jumatano, tarehe 6 Machi 2019, akaambiwa ana maltipo sklerosisi, ugonjwa ambao kinga ya mwili huigeukia mishipa ya fahamu ya mwenyewe, ikaichubua ganda lake kama waya uliotolewa plastiki, na waya uliochubuliwa kwa muda mrefu mwishowe hukatika. Alimtaka daktari amweleze bila kumzungusha, kwamba kama dawa zingeanza mwaka ule jicho lilipouma, angekuwa wapi leo. Daktari alikataa kumpa miaka wala namba, akasema wagonjwa hawafanani, ila hakumficha:

"Dawa zingekuta vingi zaidi vya kulinda. Kilichokufa hatukifufui, kilichobaki tutakilinda."

Alianza dawa ya dripu Juni 2019, na kwa kweli ugonjwa ulipunguza kasi, lakini haukurudi nyuma. Ila kabla hata ya dripu hiyo alirudi kliniki na kuvunja ule utaratibu, akaagiza kwamba macho yote yatakayowekwa kwenye kibao kile, hata ya kujaribia mashine, yawe na jina la mwenyewe na tarehe yake ya kweli, na kwamba daktari ayasome. Ndani ya mwaka huo mlinzi wa getini, ambaye alikuja kupigwa picha kwa kubembelezwa, aligunduliwa kuwa na presha ya macho, akatibiwa mapema, na leo ameendesha mwenyewe gari lililobeba viti mlivyokalia.

Aliacha kazi tarehe 30 Juni 2021, akaanza kutumia kiti cha magurudumu Januari 2022. Mume wake aliteremsha swichi zote za nyumba, akafunga mikanda kwenye milango ya makabati na ya friji ili ivutwe kwa mkono dhaifu, akapanua mlango wa bafu kwa mikono yake mwenyewe. Majirani walipomsifu alikuwa akisema kazi yake ni kuzuia vitu visiharibike, na kimoja tu ndicho kimemshinda. Binti yao alijifunza kumgeuza mama kitandani bila kumuumiza, na mdogo wake ndiye aliyekuwa hodari wa kumchekesha.

Kufikia Agosti 2023 hakuweza tena kusoma, herufi zilikuwa zinayeyuka katikati. Dada yake akawa anakwenda kila Jumamosi saa nne kumsomea, magazeti, barua, hadithi fupi, hata insha za wanafunzi wake wa zamani ambazo alikuwa amezitunza kwenye bahasha, na marehemu alizipenda hizo kuliko yote, akawa akizitolea maksi. Ndugu zetu, dada huyo alikuwa na jambo la kumwambia tangu siku ile ya Februari 2019. Kila Jumamosi alitoka kwake ameliweka tayari, akifika anakuta nguo za kuanua, anakuta dawa za kupanga, anaanza kusoma, na muda unakwisha. Mara moja, tarehe 14 Septemba mwaka huu, alinyamaza katikati ya ukurasa, gazeti mikononi, maneno yamefika mdomoni, na marehemu, ambaye alikuwa amefumba macho, akauliza:

"Umepotea mstari?"

"Nimepotea, mdogo wangu. Nautafuta."

"Tafuta tu, dada. Mimi sina haraka."

Dada akatazama chini, akaendelea na habari ya bei za mbolea.

Tarehe 8 Oktoba 2024 marehemu alianza kukohoa, tarehe 10 alilazwa, ikaonekana ni nimonia katika mapafu yote mawili, na kifua chake hakikuwa tena na nguvu ya kuisukuma nje. Jumamosi, tarehe 19 Oktoba 2024, saa tatu na dakika kumi asubuhi, alifariki dunia, akiwa na umri wa miaka arobaini na mitano, mume wake ameshika mkono mmoja na binti yake mwingine. Dada yake alikuwa njiani.

Ameacha mume, watoto wawili, mama, dada, kaka na mdogo wake wa kiume, ambaye ndiye aliyebeba picha yake hapa mbele.

Familia inamshukuru daktari wa mishipa ya fahamu na wauguzi wa wodi waliomhudumia hadi dakika ya mwisho, inamshukuru daktari wa macho, muuguzi na wafanyakazi wote wa kliniki, ambao wamefunga mlango leo ili waje, na tunamwambia daktari mbele ya watu wote kwamba hatuna kinyongo naye. Tunamshukuru yule fundi mgeni, ambaye hatukupata namba yake ya simu, aliyeuliza swali ambalo wenyeji hatukuliuliza. Tunawashukuru majirani waliokuwa wakiacha milango yao wazi ili wasikie akiita, na kila mmoja wenu aliyepika, aliyechota maji, aliyelala chini pamoja nasi siku hizi nne.

Dada yake naye, ambaye ndiye aliyeiandika historia hii na ndiye anayeisoma, anasema sasa lile alilokuwa nalo, kwamba alimkosea mdogo wake tarehe 28 Agosti 2016 mbele ya wageni, na kwamba kosa kubwa halikuwa neno la mlevi, bali kugeuka kabla ya kusikia jibu. Amechelewa kwa siku nne, na kwa miaka minane.

Mdogo wetu, pumzika sasa, mwili wako umeacha kupigana na wewe, na amani ikae nawe.

Nanyi mliokuja kumsindikiza, tunawaomba mkumbuke jambo moja tu. Wagonjwa waliokaa mbele yake wanasema macho yao yalipotoka machozi, yakashindwa kutulia kwenye ile nukta, na foleni nje inanung'unika, hakuwahi kumwambia mtu afanye haraka. Aliondoa kidole kwenye kitufe, akakaa, akasubiri mpaka mtu awe tayari. Mkumbukeni hivyo, akisubiri.